Kagua mfumo wa ghala kwa hesabu kabla ya kuandika programu

Msimu wa korosho ukifunguka, salio la ghala moja la Masasi linaweza kuguswa na makarani wawili kwa wakati mmoja. Tuseme mfumo unaonyesha magunia 500. Karani wa kwanza anatoa 200, wa pili 150. Kila ombi lina hatua tatu: kusoma salio, kupiga hesabu, kuandika salio jipya. Wote wakisoma 500 kabla yeyote hajaandika, wa kwanza ataandika 300, na wa pili ataandika 350 juu yake. Ghalani yamebaki 150. Magunia 200 yasiyokuwepo yanaweza kupigwa mnada, na anayesubiri malipo ni mkulima.

Hatua hizo sita zinaweza kupishana kwa namna 20. Sahihi ni 2 tu: zile ambazo mmoja anamaliza hatua zake zote ndipo mwenzake anaanza. Makarani wakiwa watatu, namna hufika 1,680, na salama ni 6. Ofisini mfumo hujaribiwa na mtu mmoja, kwa hiyo hupita. Kosa huibuka siku ya shughuli nyingi.

Ndiyo maana tunasisitiza modeli, yaani maelezo ya mfumo kwa lugha ya hesabu, itangulie programu. Ghala liwe obijekti, yaani kitu kimoja ndani ya modeli, yenye hali yake (salio, yaliyotoka, na kufuli, yaani alama inayomruhusu karani mmoja tu kwa wakati kugusa salio) na vitendo vyake, kila kitendo na sharti lake la kuanza. Kisha andika kanuni isiyovunjwa: salio pamoja na yaliyotoka ni 500. Zana kama TLA+ ya Leslie Lamport au Spin ya Gerard Holzmann hupitia kila hali inayofikika, na kanuni ikivunjika hukuonyesha mfuatano wa hatua uliofikisha hapo. Usome wote, kwani kosa limo humo.

Kufuli hutibu hilo, lakini huleta jingine. Kuhamisha magunia kati ya Masasi na Newala kunahitaji makufuli mawili. Mmoja akishika la Masasi akingoja la Newala, na mwingine kinyume chake, wote wamekwama, ilhali kanuni ya salio haijavunjika. Kwa hiyo modeli iulizwe pia: je, kila ombi lililopokelewa hukamilika? Tiba ni makufuli kushikwa daima kwa mpangilio mmoja, mathalani kwa namba ya ghala.

Anza na maghala mawili na makarani watatu. Ukiingiza maghala yote ya Mtwara na Lindi, hali zitazidi uwezo wa kompyuta. Modeli ikishapita, linganisha programu nayo mstari kwa mstari, hasa pale kufuli linapoachiwa: likiachiwa kabla salio halijaandikwa, kosa la mwanzo limerudi.