Nishati inayosalia: kwa nini hedhi hukatika na mizani isijue

Mwanafunzi wa uuguzi ana kilo 60 na urefu wa sentimita 163. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 22.6, ndani kabisa ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha kawaida, 18.5 hadi 24.9. Hata hivyo huu ni mwezi wa tatu hajaona siku zake, na kipimo kinaonyesha hana mimba. Uzito mzuri, hedhi hakuna. Vipi?

Jibu mara nyingi liko kwenye nishati inayosalia: kalori zinazobaki kwa ajili ya kazi za mwili wenyewe, yaani moyo, joto, mifupa na uzazi, baada ya kutoa zilizotumika kwenye mazoezi. Zinazobaki hugawanywa kwa uzito wa mwili usio na mafuta.

Tumpigie hesabu. Tuseme kilo 15 kati ya 60 ni mafuta, zinabaki 45. Asubuhi aliwahi zamu bila kula, mchana alikunywa chai amesimama, akala vizuri usiku tu: jumla kilokalori 1,600. Jioni alikuwa amekimbia, zikaungua 400. Zimesalia 1,200, ukigawa kwa 45 unapata kama 27 kwa kila kilo. Katika majaribio ya maabara kwa wanawake vijana, 45 ilitosha. Ilipopungua chini ya 30, ubongo ulianza kuvuruga mpangilio wa homoni zinazoamsha ovari. Mpaka huo si ukuta, kwani miili haifanani. Na hesabu hii haijagusa saa alizosimama wodini.

Anayeamua ni haipothalamasi, kijisehemu kidogo upande wa chini wa ubongo. Moja ya taarifa zinazoifikia hutoka kwa leptini, homoni ya seli za mafuta iliyogunduliwa 1994. Ukila kidogo kwa siku chache tu, leptini hushuka hata kabla hujakonda. Ubongo unasoma kwamba chakula ni haba, unaahirisha kupevusha yai, na mizani bado inasema kilo 60. Msongo wa mitihani nao huweza kuibana haipothalamasi hiyohiyo.

Si kila hedhi iliyopotea ni njaa. Uzito uliozidi huivuruga pia, mara nyingi kupitia insulini nyingi inayosukuma ovari kutoa homoni za kiume. Tezi ya shingo nayo huwa na mkono wake. Kwa hiyo miezi 3 ikipita bila hedhi kwa aliyekuwa akiipata vizuri, ni kupima, si kukisia.

Wapo wanaofurahia, na siwalaumu: nani anataka maumivu ya tumbo katikati ya zamu inayochukua saa 12? Tatizo ni estrojeni, homoni ya ovari inayolinda mifupa. Ikikaa chini, mifupa hupoteza madini, tena katika umri ambao ilipaswa kuwa bado inaweka akiba.

Na vidonge vya uzazi wa mpango visikudanganye. Damu inayotoka wiki ya mapumziko huja kwa sababu homoni za kidonge zimekatizwa. Haionyeshi kwamba yai limepevuka. Mwanafunzi wetu angekuwa anavimeza, angetoka damu kila mwezi, na ile 27 ingebaki palepale.