Amepiga kidevu, kavunjika karibu na sikio

Weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua mdomo na kuufunga. Hicho kinachocheza chini ya ngozi ni kichwa cha taya. Chini yake ipo shingo nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho, nayo ndiyo iliyonikosesha usingizi mwezi mzima.

Daktari mmoja wa kinywa hapa Dodoma alinitumia picha za CT (eksirei za vipande vipande) za kijana wa bodaboda aliyeteleza barabara ya Iringa. Alivaa ile kofia ngumu inayofunika utosi na kuacha uso wazi. Kidevuni alishonwa nyuzi chache tu. Shingo za taya, zote mbili, zilikuwa zimekatika. "Injinia, hebu nionyeshe kwenye kompyuta ilikuwaje," akaandika daktari.

Mimi ni mtu wa mitambo, sijawahi hata kung'oa jino. Ila kwa kompyuta taya ni kama daraja: lina umbo, lina ugumu, limeegemea mahali. Umbo nalitoa kwenye zile picha za CT, kipande juu ya kipande kama slesi za mkate. Kisha programu inalikata taya zima kuwa vijipande laki kadhaa, kila kimoja na ugumu wake. Ganda la nje la mfupa nalipatia ugumu wa takriban gigapaskali 14 (chuma cha pua ni kama 200), na mfupa wa ndani, ule wenye matundu kama sponji, unapata kidogo sana.

Halafu unapiga. Hapo watu huniuliza pikipiki ilikuwa spidi ngapi, na mimi huwajibu kwamba kasi ya pikipiki si kasi ya kidevu. Spidi ya kwenda mbele sehemu kubwa inaishia kwenye kuburuzika na kuchubuka. Kinachokipigisha kidevu kwenye lami ni kule kushuka, na mtu akidondoka kutoka mita moja na nusu anafika chini kwa karibu kilomita 20 kwa saa. Ukiweka na uzito wa kichwa, kilo nne au tano, hiyo si ndogo.

Pigo lenyewe ni milisekunde chache. Lakini mtikisiko husafiri ndani ya mfupa kama mita 3,000 kwa sekunde, na kompyuta hairuhusiwi kuruka kijipande hata kimoja. Kijipande cha milimita moja kinakudai hatua ya theluthi moja ya sehemu ya milioni ya sekunde, kwa hiyo milisekunde tano ni hatua 15,000 hivi. Kompyuta yangu iko nyumbani Nkuhungu. Umeme umenikatikia mara mbili kwenye hatua ya elfu kumi na kitu, na mara ya kwanza nilikuwa sijahifadhi chochote. Tuyaache hayo.

Vunja ukuni mkavu gotini uutazame vizuri. Nyuzi zinazoanza kuachana ni za upande wa nje wa mkunjo, zile zinazovutwa. Mfupa nao unastahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Mmarekani Donald Huelke alilionyesha hilo kwenye taya mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila modeli yoyote ya kompyuta: alipaka mataya rangi kavu inayopasuka ikivutwa, akayapiga, akasoma nyufa. Mimi nasoma rangi nyekundu kwenye skrini, pale mfupa unapovutwa zaidi, ila swali ni lilelile.

Kidevu kikisukumwa nyuma, ncha mbili za taya zimekwama kwenye vishimo vya fuvu, haziwezi kurudi. Nguvu inapita pande zote mbili na kuzikunja zile shingo. Na ni afadhali zikatike, maana juu ya kishimo kuna mfupa mwembamba, na juu ya huo, ubongo.

Kukiri kosa: mara ya kwanza niliyagandisha yale maungio kabisa, kama nguzo kwenye zege. Shingo zikawaka nyekundu nikafurahi, kumbe ningepata wekundu huo hata kwa pigo dogo. Nilipoweka kisahani laini cha kwenye kiungo na kukiacha kiteleze kidogo, wekundu ulipungua, na kwa pigo lilelile taya likapona. Basi nini kilimvunja kijana wetu?

Meno. Nilikuwa nimeyafumbanisha. Meno yakikutana, sehemu ya pigo inapanda taya la juu na kuzipunguzia shingo mzigo. Nikaachanisha meno sentimita mbili, nikapiga upya. Shingo zote mbili zikapita kikomo, karibu kabisa na mahali pa ufa kwenye picha.

Nikampigia daktari: "Muulize alipoanguka alikuwa amefunga mdomo?"

Jioni akanirushia jibu la kijana, lililoandikwa kwa kuwa kuongea bado ni shida: "Nilikuwa naita abiria."