Ziara ya chakula cha mtaani Mji Mkongwe ipangeni kwa saa

Nimetumiwa tena ramani ya vituo vya chakula vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Ina nukta nyekundu tele, zote zimeanzia Forodhani, bustani ya pwani, na chini yake swali lile lile: tuanzie wapi ili tusizunguke sana? Nalijibu hapa mara moja kwa wote wanaopanga kuwatembeza wageni.

Mzunguko hauna shida. Kutoka Darajani, penye soko, hadi Forodhani hapafiki kilomita moja, na hata mkipotea vichochoroni mtatokea ama pwani ama barabarani. Linaloharibu ziara ni saa. Muuza chakula yupo pale kwa muda ambao chakula chake kinamruhusu, na mkipita nje ya muda huo mtakuta baraza tupu.

Chukueni vitumbua. Mchele umerowekwa, umesagwa kwa tui, umetiwa hamira na hiliki, umeachwa usiku uumuke. Kwa joto letu, rojo likishaumuka halisubiri, likicheleweshwa linachacha. Kwa hiyo mama wa vitumbua anakaanga tangu alfajiri, na jua likishapanda anaosha chuma chake anakwenda zake. Anayeweka vitumbua kwenye ziara ya jioni atawapa wageni vilivyolala tangu asubuhi, nao watakwenda kuandika kwamba vitumbua vya Zanzibar ni vikavu. Hilo linaniudhi kuliko yote, maana lawama anabebeshwa mama wakati mwenye kosa ni aliyepanga.

Tena mama yule anakaangia mtaa. Mkija wageni wanane ghafla mkamaliza sinia, mtoto aliyetumwa na mamaake anarudi nyumbani mikono mitupu. Vya wageni viagizeni jana yake, kabla mchele haujarowekwa.

Urojo una saa yake nyingine. Mchuzi wenyewe, ule wa unga, embe mbichi na ndimu, unavumilia kukaa motoni. Vinavyoharibika ni vinavyotiwa ndani: bajia zinalegea, chipsi za muhogo zinavuta unyevu, na chatini ya nazi inageuka haraka kuliko vyote. Msimuulize muuzaji kama urojo wake mtamu. Hakuna atakayejibu la. Muulizeni anakuna nazi saa ngapi, kisha kituo hicho kiwekeni karibu na saa hiyo. Watu hubishana siku nzima nani ana urojo bora mjini, na nimeona mshindi akibadilika kati ya adhuhuri na alasiri kwa sababu ya chatini tu.

Na pweza? Sijaona mpangaji anayetazama mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali, mwamba unabaki wazi, na watu wanatembea kwa miguu wakichokoa mashimo. Wakati wa maji mafu mwamba hautoki vizuri. Pweza mtamkuta mezani hata hivyo, lakini msiwaambie wageni katoka baharini leo kabla hamjauliza.

Sasa Forodhani. Sina ugomvi nayo. Bustani ile ipo tangu 1936, ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, na baada ya Magharibi familia za mjini zinakuja na watoto wao kupunga upepo. Ninachokataa ni imani kwamba chakula cha mtaani cha Zanzibar ndicho hicho, na kwamba ziara lazima ianzie pale. Mgeni mwenye njaa, mbele ya taa na meza zilizopangwa mishikaki, anajaza sahani kwenye meza ya kwanza. Baada ya hapo hatembei tena. Atawafuata kwa adabu tu. Forodhani iwekeni mwisho, tumbo likiwa na nafasi ndogo: juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na pizza ya Zanzibar moja ya kugawana, ikipikwa mbele yenu. Mkitaka samaki, ombeni kipande kibichi kiwekwe motoni, kisiwe kilichochomwa mapema kikangoja kupashwa.

Kipimo ni hicho hicho njiani kote. Bakuli moja la urojo kwa watu watatu. Wageni wananuna kituo cha pili, wananishukuru kituo cha tano.

Kwa usafi, tafuteni mafuta yanayochemka na wenyeji wanaopanga foleni. Masika, Machi hadi Mei, kila baada ya vituo viwili tafuteni penye paa. Kibali cha kutembeza wageni kinatoka Kamisheni ya Utalii. Msianze bila hicho.

Ramadhani ziara haifi, inahama. Alasiri Darajani panafurika kaimati, visheti, sambusa na mkate wa kumimina. Tembeeni, nunueni, fungasheni vizuri. Mtakula baada ya adhana. Mimi naupenda mwezi huo kuliko mingine, na inaniuma kuona makampuni yakiufuta kwenye ratiba.

Jambo moja bado linanisumbua: kahawa. Jaws Corner, kijiwe cha kahawa ndani ya Mji Mkongwe, kuna birika, kashata, na wazee wanaojadili siasa na mpira. Kila anayeandika kuhusu mji anawapeleka watu pale. Lakini nimeona kundi likisimama, kamera zikatoka, na mazungumzo yakakatika. Muuza kahawa anakaribisha, naye ana haki ya kuuza. Wanaokaa pale kila siku hawasemi kitu, na sijui kama ukimya wao ni ridhaa. Wenzangu wananiambia nazidisha. Pengine. Kwa sasa napeleka watu wawili au watatu tu, wanaokubali kukaa chini na kuacha simu mfukoni. Wakizidi hapo, kahawa tunainywa kwingine.