Stesheni ya Muheza: Mahali Reli Ilipoishiwa Pesa

Majuzi kijana wa bodaboda alinishusha karibu na stesheni ya Muheza, mkoani Tanga, akapokea nauli yake, kisha akaniuliza kwa adabu: "Samahani mzee, hivi hapa treni huwa inapita kweli, au ni jina tu limebaki?" Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Zaidi ya miaka thelathini nimekula mkate wangu kwenye kazi ya njia, yaani kukagua reli, mataruma yanayoibeba, kokoto na madaraja, mara kwa miguu, mara kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha kukimbia juu ya reli. Nikamwambia, "Inapita mwanangu, ya mizigo. Ila usiikalie kibarazani ukiingoja." Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani, na jibu lenyewe ni refu kuliko nauli ya bodaboda.

Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa Tanzania bara. Kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa kwa kazi hiyo mwaka 1891 ilianza kuchimba Tanga mwaka 1893, na kilichoisukuma ni kahawa. Wazungu walikuwa wamekwisha kufyeka misitu ya Usambara Mashariki, sehemu za Derema na Nguelo, wakapanda mibuni. Kahawa huko juu, meli huku chini, na katikati hakuna kitu ila kichwa cha mpagazi. Hesabu ilionekana nyepesi: teremsha mzigo hadi tambarare, upakie kwenye behewa, jioni uko bandarini.

Kazi ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Tanga hadi Pongwe, halafu Ngomeni, na tarehe 1 Aprili 1896 treni ikafika Muheza, au "Muhesa" kama walivyoandika wao. Ni kilomita 40 hivi kwa karibu miaka mitatu, sawa na kilomita moja na kidogo kwa mwezi. Nimesimamia magenge ya njia, najua mvua za pwani na udongo mwekundu wa huko wanavyoweza kumchosha mtu, lakini mwendo huo hata mimi ningeitwa ofisini kujieleza.

Kisha pesa zikaisha.

Watu wa Tanga tuna msemo wetu, "waja leo waondoka leo". Reli ilikuja Muheza, na kuondoka ikashindwa. Kampuni haikuwa na uwezo wa kuendelea, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikalazimika kuinunua. Treni ilifika Korogwe Machi 1902. Hesabu mwenyewe: kwa karibu miaka sita, mwisho wa reli ulikuwa Muheza. Na katika miaka hiyohiyo Waingereza walianza kutandika reli yao Mombasa mwaka 1896, wakavuka Tsavo na simba wake, wakapanda na kushuka Bonde la Ufa, wakafika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, zaidi ya kilomita 900. Yaani wenzao walifika ziwani kabla Mjerumani hajafika Korogwe!

Sasa hapa ndipo mimi, mtu wa njia, naiona historia ya mji kwa jicho langu. Stesheni ya njiani na stesheni ya mwisho ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya njiani yahitaji njia ya kupishania, ofisi ndogo na mtu wa kupeperusha bendera. Ya mwisho yahitaji mahali pa kugeuzia injini, maji ya kutosha ya kujazia bwela la injini ya mvuke, kuni au makaa, ghala la mizigo inayosubiri, nyumba za wafanyakazi watakaolala hapo, na mafundi. Watu hao wanakula, kwa hiyo mama lishe anakuja. Wanavaa, kwa hiyo muuza nguo anafungua duka. Mkulima wa Kibondei aliyekuwa akilima kwa chakula chake anagundua kwamba muhogo na ndizi zina mnunuzi kila siku. Miaka sita ya hali hiyo inatosha kabisa kuzaa mji. Mimi naamini, na sitaki ugomvi na mtu, kwamba kama kampuni ile ingekuwa na pesa, Muheza ingepitwa tu kama stesheni nyingine nyingi za njia hii ambazo leo hata ubao wa jina umefutika.

Kahawa yenyewe ilikuja kuwaumbua. Msitu wa Usambara Mashariki unadanganya: miti mirefu, kijani kila upande, unadhani udongo umenona. Kumbe rutuba iko kwenye majani yanayooza juu juu, na ukishafyeka msitu mvua inaisomba. Mibuni ikadhoofika. Mazao yaliyoiokoa reli yalitoka kwingine kabisa.

Mwaka huohuo wa 1893 reli ilipoanza, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Elfu moja iliagizwa. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutoka kwenye miche hiyo sitini na miwili yalitoka mashamba yaliyoufunika mkoa mzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza duniani.

Mkonge na reli waliumbwa kuoana, na sababu yake ni uzito. Jani la mkonge likishakatwa, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Hakuna mwenye akili atakayesafirisha maji mpaka Tanga. Kwa hiyo majani yaliletwa kwa vireli vidogo vya shambani hadi kwenye korona, yaani kiwanda cha kuponda mkonge, yakapondwa hapohapo, singa zikaanikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Robota moja lina kilo 250 hivi. Mzigo wa namna hiyo, mzito, usiooza na usio na haraka, ndio ndoto ya mtu wa reli. Tunda likichelewa siku mbili una kesi. Robota likichelewa wiki hata halijui.

Reli haikubeba singa tu. Ilihudumia pia mashamba yaliyotegemea manamba, wanaume walioletwa kutoka mbali kwa mkataba, wakitambulika kwa namba kabla ya jina. Ukizunguka Muheza leo utakuta koo zenye asili ya mbali sana na bonde hili. Ukiuliza babu alikujaje, mara nyingi jibu linarudi kwenye mkonge.

Nisisahau Tengeni, kabla kidogo ya kuingia Muheza ukitokea Tanga. Hapo ilichepuka reli nyembamba, yenye upana wa milimita 750, iliyofunguliwa mwaka 1910 kwenda Sigi, kilomita ishirini na kitu, kuteremsha mbao za msituni. Haikudumu sana. Lakini ukipanda Amani, nyumba ya stesheni masta wa Kijerumani pale Sigi bado ipo, na hifadhi ya Amani imeifanya kituo cha kupokelea wageni. Nenda ukaione.

Mapigano ya Tanga ya 1914, Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, yanajulikana zaidi kwa sababu ya nyuki waliowashambulia askari. Mimi huwaambia wanafunzi waitazame ratiba. Waingereza walianza kushuka Tanga tarehe 2 Novemba, na mji ulikuwa na walinzi wachache. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisomba askari wake kutoka Moshi, umbali wa kilomita 352, kwa treni, wakapita Muheza na kuwahi mapambano ya tarehe 4. Reli iliyojengwa kwa kusuasua ndiyo iliyowahisha jeshi. Nyuki walisaidia tu.

Baadaye, mwaka 1916, Waingereza waliiunganisha njia hii na ya kwao kupitia Voi na Taveta. Iliwezekana upesi kwa kuwa pande zote mbili zilitumia geji, yaani upana wa njia, ya mita moja. Matokeo yake ni jambo ambalo vijana huwa hawaliamini: kwa miaka mingi mtu wa Muheza aliweza kwenda Mombasa kwa treni, akizunguka Kahe na Voi, lakini Dar es Salaam, mji mkuu wake mwenyewe wakati huo, hakukuwa na reli ya kumfikisha.

Hilo lilirekebishwa mwaka 1963 kwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu hadi Mruazi, upande wa Mnyusi. Kwa taifa lilikuwa jambo jema. Kwa Muheza lilikuwa na uchungu ndani yake, maana maungano yako mbele ya Muheza, upande wa Korogwe. Treni ya Dar kwenda Moshi inaingia Mruazi na kuelekea Korogwe, na Muheza inabaki pembeni, kwenye kipande cha kwenda Tanga peke yake. Treni ya abiria ya Dar na Moshi iliporudi Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata, shangwe zilisikika Korogwe na Same. Muheza walisoma habari zake kwenye simu.

Kabla ya hapo kamba za nailoni zilikuwa zimekwisha kuuvunja mkonge, lori na lami vikachukua kilichobaki. Hata machungwa ya Muheza, ambayo nakumbuka yakiuzwa kwa abiria kupitia madirishani, yakiwa yamemenywa na kupangwa kwenye sinia, sasa yanapakiwa kwenye Fuso usiku kuwahi masoko ya Dar.

Ukienda pale, usikimbilie kupiga picha jengo. Inama kwanza. Ubavuni mwa reli huwa kuna maandishi yaliyochomoza: kiwanda kilichoifua na mwaka wake, pangusa kutu kwa kidole usome. Tazama mataruma. Wajerumani walipenda ya chuma kwa sababu ya mchwa, na yakikongolewa hayatupwi, mengine huishia kuwa nguzo za uzio. Kisha hesabu njia zilizopo sambamba mbele ya ofisi. Reli ni moja tu Tanga hadi Moshi, kwa hiyo treni mbili zinaweza kupishana stesheni tu, na stesheni masta haruhusu treni kuondoka mpaka amepiga simu stesheni ya mbele, akajibiwa kwamba njia iko wazi, akamwandikia dereva kibali. Sisi tulikiita laini klia. Njia zinazozidi mbili ni za mizigo, na ndizo zitakazokuonyesha stesheni ilivyokuwa na kazi. Omba ruhusa kwanza kwa utakayemkuta ofisini, na usitembee katikati ya reli. Treni ya mizigo haina ratiba ya kuaminika, lakini breki zake zinahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani.