Rajah Caruth: dereva aliyeanzia kwenye kompyuta, na yanayosemwa juu yake

Dhana inayosikika sana ni kwamba dereva wa mbio asiyepanda kart, kigari kidogo cha mbio, akiwa na miaka mitano au sita ameshachelewa. Caruth alizaliwa Atlanta mwaka 2002, akakulia Washington, DC, katika nyumba isiyo na historia ya mbio. Alijifunza kwa iRacing, mchezo wa kompyuta unaoiga mbio za kweli, mikono kwenye usukani wa mezani na miguu kwenye pedali. Gari la kweli, lile dogo aina ya Legends, alianza kushindana nalo mwaka 2019, mwaka aliotimiza miaka 17, kupitia mpango wa NASCAR, shirika linaloendesha mbio za magari Marekani, wa kuwafungulia mlango vijana wa jamii zilizobaki nje ya mchezo huo.

Wengine husema iRacing ni mchezo tu wa watoto. Hapana. Viwanja vya iRacing hupimwa kwa leza, hivyo tuta lililo kwenye kona ya kweli utalikuta palepale kwenye skrini. Kijana anajua breki aikanyage wapi, amfuate vipi mwenzake kwa karibu ili upepo usimpunguzie kasi, na tairi azitunzeje. Lakini tusizidishe sifa. Kompyuta haikupi joto la ndani ya gari, wala haikubani shingo kwenye kona, na ukigonga ukuta hakuna anayelipia bodi mpya. Gari likianza kuteleza nyuma, dereva huhisi kwanza kupitia kiti; nyumbani ana macho na usukani tu. Hilo Caruth alilazimika kulijifunza ukubwani, akishindana na waliolizoea tangu utotoni, na ndiyo sababu namheshimu.

Kwamba magari ya NASCAR ni yaleyale ya dukani? Ilikuwa hivyo mwaka 1949. Leo fremu ni ya mabomba ya chuma, inaundwa kwa ajili ya mbio.

Wapo pia wanaodhani kipaji kikionekana, pesa hujileta. Caruth alimaliza wa tatu katika msimu wa 2022 wa ARCA, ligi ya chini ya ngazi ya taifa ya NASCAR, akapanda kwenye mbio za pikapu, ambazo ni za ngazi ya taifa, na bado alihitaji wadhamini. Tarehe 1 Machi 2024, huko Las Vegas, alianza wa kwanza na kumaliza wa kwanza. Miezi miwili baadaye alihitimu shahada ya usimamizi wa michezo ya magari, Winston-Salem State University.

Siku ile ya Las Vegas baadhi ya watu walimwita Mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya taifa za NASCAR. Ni wa tatu. Bubba Wallace alishinda Martinsville mwaka 2013, na kabla yao wote Wendell Scott, Jacksonville, tarehe 1 Desemba 1963. Scott alivuka mstari mbele ya wote, lakini aliyetangazwa mshindi ni Buck Baker, dereva mzungu. Ushindi wa Scott ulikubaliwa saa kadhaa baadaye, watazamaji wameshaondoka. Kikombe kilikabidhiwa familia yake mwaka 2021, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Mwaka huohuo Caruth alikuwa anaanza mbio zake za kwanza za ARCA.