Korongo au winchi? Dhana potofu kuhusu neno moja la Kiingereza

"The crane is standing by the river." Sentensi hii ya zoezi la kidato cha pili iliwagawa watu kwenye yadi moja ya nguzo pale Mafinga. Kijana alikuwa amekuja na daftari lake kumuuliza baba yake mdogo, anayepakia nguzo za mikaratusi kwenye malori. Baba mdogo hakusita: "Winchi hiyo, mwanangu. Si ndiyo hii unayoiona hapa?" Dereva mmoja aliyekulia Usangu akakataa katakata: "Hapana kaka, 'crane' ni korongo, ndege kabisa, tena mwenye taji." Wa tatu akawakumbusha timu ya taifa ya Uganda, wa nne akahitimisha kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na mpango. Mengi yaliyosemwa pale kwa uhakika hayakuwa kweli, na ndiyo yaleyale ninayoyasikia kila watoto wetu wanapohangaika na masomo. Nayachukua moja moja.

Dhana: Kati ya wabishi hawa, mmoja lazima amekosea.

Ukweli: Wote wawili wako sahihi. Neno "crane" ni korongo, na ni winchi pia. Kitenzi cha kusimama hakisaidii kitu hapa, maana Kiingereza husema hata mashine imesimama. Mto nao hausaidii: korongo hutafuta chakula kwenye majimaji, na winchi hufika mtoni kunapojengwa daraja. Mwandishi wa sentensi hiyo ndiye aliyemnyima msomaji msaada. Ingefuata sentensi ya pili inayotaja mayai, au mafundi na nondo, ubishi ungekwisha palepale. Kwa maoni yangu, mtoto anayekatwa alama kwa sentensi ya namna hiyo anaonewa.

Kuhusu Uganda, aliyeitaja alikuwa na hoja. "Cranes" wa kwenye jina la timu ni ndege, yuleyule aliye katikati ya bendera ya nchi hiyo tangu 1962.

Dhana: Ndege na mashine kuitwa jina moja ni bahati tu.

Ukweli: Hakuna bahati hapo, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Mtazame korongo taji anapokula kwenye mbuga za Ihefu. Anasimama kwa miguu mirefu myembamba, shingo imenyooka juu. Anaiinamisha polepole mpaka mdomo uguse majani, anadaka panzi au chura, kisha shingo inapanda tena na kile alichodaka. Sasa geuka utazame yadi ya nguzo. Mkono mrefu wa winchi unainama, ndoano inashuka, nguzo inafungwa, mkono unapanda nayo taratibu kuelekea lori. Umbo ni lile, mwendo ni ule.

Wayunani wa kale waliliona hilo zamani sana: neno lao "geranos" lilimtaja ndege huyo, na likataja pia mtambo wa kunyanyulia. Wafaransa wana "grue" kwa vyote viwili, Wapolandi wana "żuraw" kwa vyote viwili. Kwa Wahispania ndege ni "grulla" na mashine ni "grúa", na Wajerumani wana "Kranich" na "Kran": maneno ndugu, yaliyoachana kidogo tu. Kiingereza kikaongeza hatua moja zaidi, kikafanya "crane" kuwa kitenzi cha kurefusha shingo ili uone kitu, kama afanyavyo mtu aliye nyuma ya umati. Ndege alikuja kwanza, mengine yakamfuata.

Niseme na hili kwa kuwa linaniuma. Korongo taji, tangu 2012, ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Mabwawa na majaruba yanapokauka, naye anakosa pa kutagia. Vijana wengi wa nyanda za juu watakutana na winchi mara nyingi kabla ya kumwona yeye.

Dhana: Kiswahili kina mpango, kila neno na maana yake, vurugu ni ya Kiingereza.

Ukweli: Tunayo haya nyumbani, na mengi. Ndege anayetua mtini na ndege inayotua Songwe zina jina moja, na sababu ni ileile ya korongo na winchi: mashine imefanana na kiumbe, imerithi jina lake. Kifaru wa porini amelipa jina gari la vita. Mbuzi wa malishoni ana mwenzake jikoni, ile mbuzi tunayoikalia kukuna nazi. Hata korongo mwenyewe ana jina analoshirikiana na korongo lile linalochimbwa na maji ya mvua kwenye miteremko yetu.

Mbona basi hatuchanganyikiwi? Kwa sababu ngeli zinatusaidia bila sisi kuzitazama. Ukisikia "ndege ameruka" unaona mabawa yenye manyoya. Ukisikia "ndege imeruka" unaona injini. Mbuzi huyu ni wa kuchinja, mbuzi hii ni ya kukunia. Silabi moja kwenye kitenzi imemaliza kazi. Kiingereza hakina kitu hicho. Ndege huyo wataweza kumwita "it", na winchi wataiita "it" vilevile. Mtoto aliyezoea kupewa jibu na kiambishi anafika kwenye Kiingereza akiwa anakisubiri, nacho hakiji. Hapo ndipo anapokwama, na mwalimu akimweleza hivyo waziwazi mzigo unapungua sana.

Dhana: Maana nyingi za neno lazima zitoke shina moja.

Ukweli: Mara nyingine ni maneno mawili tofauti yaliyogongana. "Pen" ya kuandikia ilitoka Kilatini "penna", yaani unyoya, kwa kuwa watu waliandika kwa manyoya ya bata bukini. "Pen" nyingine, yaani zizi, ni neno la Kiingereza cha kale lisilohusiana kabisa na unyoya. Kamusi nzuri huonyesha tofauti hiyo: maneno yaliyogongana huandikwa mara mbili, kila moja na tarakimu ndogo ubavuni, maana zilizozaliwa na neno moja hupangwa kwa namba ndani ya ingizo moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981, nayo hutenganisha hivyo maneno kama "kaa". Wanafunzi wengi huziruka tarakimu hizo kana kwamba ni uchafu wa chapa.

Dhana: Maneno marefu na ya kisomi ndiyo yenye maana nyingi.

Ukweli: Ni kinyume chake. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, kitenzi kifupi "set" kilikuwa na maana zaidi ya 400, na baadaye "run" kikampita. George Kingsley Zipf alilionyesha hili mwaka 1945: neno linavyotumika mara nyingi zaidi, ndivyo maana zake zinavyoongezeka.

Dhana: Simu inajua, muulize tu neno.

Ukweli: Mwaka 1960 mtaalamu wa Israeli, Yehoshua Bar-Hillel, aliandika kwamba mashine isingeweza kutafsiri sentensi ndogo kutoka kisa cha mtoto anayetafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea, "The box was in the pen." Mtu hujua kwamba sanduku la vitu vya kuchezea haliingii ndani ya kalamu, kwa hiyo "pen" hapa ni kizuizi cha kuchezea mtoto, mashine ilikuwa haijui hilo. Programu za leo zimesonga mbele sana, kwa kuwa huangalia maneno jirani. Ila ukiiandikia "crane" peke yake haina jirani wa kumtazama, nayo huenda ikachagua maana moja tu na kukupa. Kijana wa Mafinga aiandikie aya nzima ya kitabu chake. Kama kitabu kina sentensi ile moja tu, aandike majibu yote mawili, korongo na winchi, na aeleze kwa nini.