Je, Wajua Kwa Nini Utomvu wa Mwanzi wa Iringa Huishia Kuwa Ulanzi na Si Shira?

Mvua zinapokuwa zimeshika katika wilaya za Kilolo na Mufindi mkoani Iringa, Tanzania, na kwingineko hadi Njombe, utomvu wa mwanzi uliotekwa alfajiri huwa mtamu kiasi kwamba hata asiyekunywa pombe huomba aonje. Ifikapo jioni, utomvu ule ule, ambao hakuna aliyeutia hamira wala kimea, huwa umekwisha kuwa ulanzi, pombe yenye kulewesha. Ule wa kwanza wanywaji huuita mtogwa. Uliokomaa huitwa mkangafu. Huko Kanada nako, hasa katika jimbo la Quebec, watu hugema mti wa mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya nchi hiyo, lakini utomvu wao huchemshwa hadi ukawa shira nzito ya rangi ya kahawia inayokaa kabatini miezi mingi bila kuharibika. Kwa nini basi utomvu wa kule hufika mezani katika chupa na wa huku huishia kilabuni siku hiyo hiyo? Na mtu wa Iringa akitaka shira ya mwanzi, je, inawezekana?

Tuanze na sukari yenyewe, kwa kuwa mwanzi si mti. Mwanzi ni wa jamii moja na mahindi, ngano na miwa, yaani jamii ya nyasi, na ule unaogemwa Nyanda za Juu Kusini ni aina ambayo wataalamu wa mimea huiita Oxytenanthera abyssinica. Haufanani na mianzi mirefu inayoota yenyewe katika misitu ya Mlima Rungwe. Huu wa ulanzi hupandwa, una mwenyewe, na aghalabu hukaa pembezoni mwa shamba au karibu na nyumba. Hukua kwa vichaka, na mashina yote ya kichaka kimoja yameunganika chini ya udongo kwa mashina mengine mafupi na manene yanayotambaa ardhini. Kabla ya mvua mpya mashina makongwe, yenye majani, hutengeneza chakula na kukiweka akiba ndani ya mashina na chini ya ardhi kwa namna ya wanga. Mvua zikianza, machipukizi huchomoza yakiwa tayari na unene wake wote, na kazi inayobaki ni kurefuka, jambo ambalo huenda kwa kasi isiyo na mfano katika mimea mingine mingi. Chipukizi hilo halina jani hata moja la kujitengenezea chakula. Kila kinachohitajika kulirefusha hutoka kwa mashina makubwa: wanga huvunjwa kuwa sukari, sukari huyeyuka katika maji, na maji hayo matamu husukumwa kuelekea kwenye ncha. Mgema anapoikata ncha, huwa amekata njia ya chakula ambacho kichaka kizima kilikuwa kimekituma huko.

Hapo pana swali la pili: utomvu unatoka kwa nguvu gani? Katika mimea mingi, maji hupanda kwa sababu majani huyapoteza hewani na hivyo kuyavuta kutoka chini, na ukikata shina la namna hiyo halitoi chochote, kwa kuwa kuna mvuto tu na si msukumo. Mwanzi una msukumo. Mizizi yake huingiza chumvichumvi ndani ya mirija ya maji, maji ya udongo huzifuata, na shinikizo hupanda hadi maji yakawa yanasukumwa kwenda juu yenyewe. Msukumo huo huhitaji udongo wenye unyevu wa kutosha, na ndiyo maana ulanzi ni kinywaji cha masika. Udongo ukikauka, chipukizi hukauka nalo. Usiku, majani ya mashina makubwa yanapopunguza kupoteza maji, shinikizo huwa kubwa zaidi, kwa hiyo chombo cha alfajiri ndicho chenye matumaini kuliko cha jioni.

Mepo wa Kanada hutumia ujanja mwingine kabisa. Mti huo hutoa utomvu mwishoni mwa majira ya baridi, pale tu usiku unaposhuka chini ya nyuzi sifuri na mchana kupanda juu yake. Usiku barafu hujijenga ndani ya mbao na hewa iliyomo hubanwa, huku mti ukinyonya maji kutoka kwenye mizizi. Mchana barafu huyeyuka, hewa iliyobanwa hutanuka, na utomvu husukumwa nje kupitia tundu lililotobolewa kwenye shina. Mtu anaweza kusema kwamba Kitulo, uwanda wa juu huko huko Nyanda za Juu Kusini, nako huwa na jalidi mwezi Juni na Julai, na ni kweli, lakini baridi peke yake haitoshi, kwa sababu mti wenyewe ni lazima uwe na mbao za muundo huo, na miti ya aina hiyo ni michache. Msindano wa shamba la miti la Sao Hill, kwa mfano, hugemwa pia, na wapitao barabara ya Mafinga huenda wameiona miti iliyochunwa gome na kufungiwa vifuko. Utomvu ule ni ulimbo wa kutengenezea tapentaini na bidhaa nyingine za viwandani. Hauna utamu wowote na haufai kabisa kuingia sufuriani.

Kazi ya mgema wa ulanzi hutaka subira kuliko nguvu. Huchagua chipukizi lililofika urefu wa mita moja hivi, bado laini, lililofunikwa na maganda yake yenye manyoya yanayowasha mkono. Huikata ncha kwa kisu kikali, kisha kila asubuhi na kila jioni huchonga tena kipande chembamba sana pale pale kwenye kidonda, chembamba kiasi cha kuona mwanga ukipita, kwa sababu lengo si kulifupisha chipukizi bali ni kufungua upya mirija iliyoanza kuziba. Siku za kwanza hutoka unyevunyevu tu. Kidonda kikizoea, tone hujitengeneza ukingoni, hukua, hudondoka, na jingine huanza kabla la kwanza halijatulia chini ya chombo. Chombo chenyewe ni mbeta, kipande cha mwanzi kilichokatwa chini ya pingili ili kiwe na kitako, nacho hufungwa kwenye chipukizi na kufunikwa ili maji ya mvua yasiingie. Nyuki huingia hata hivyo, na mnywaji aliyezoea huwapuliza pembeni bila kukatiza mazungumzo.

Mbeta ndiyo inayoamua mambo. Ndani ya kuta zake, katika nyufa ambazo jicho halizioni, wamejaa vijidudu vya hamira waliobaki tangu utomvu wa jana na wa juzi, na pamoja nao bakteria wa uchachu, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Tone la kwanza linapoingia linakuta wenyeji. Utomvu una sukari, una madini, hauna uchungu wala ukali wa kuwazuia, na mchana wa masika huko Iringa una joto linalowafaa. Kwa hiyo uchachukaji hauanzi mtu akifika nyumbani na ndoo. Huanza mwanzini kwenyewe, na ndani ya saa 5 hadi 12 baada ya kutekwa ulanzi huwa umefikia ukali anaoutaka mnywaji. Mgema wa mepo hana shida hiyo kwa kiwango hicho, kwa kuwa utomvu wake hutoka wakati theluji bado iko chini, na ndoo yake inakaa katika baridi inayokaribia ya jokofu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu la swali letu. Watu wa Kanada hawakuwa na maarifa zaidi ya moto kuliko Wahehe au Wabena. Walikuwa na baridi iliyowapa nafasi ya kukusanya utomvu mwingi kabla haujaharibika.

Wale waliopata shira katika nchi za joto walilazimika kuwahi. Katika kisiwa cha La Gomera, kilicho chini ya Hispania katika bahari ya Atlantiki, watu hugema mtende usiku, huuteka utomvu kabla jua halijachomoza, na kuupeleka jikoni moja kwa moja. Nchini India wagema wa minazi na mivumo hupaka chokaa ndani ya vyungu vyao, kwa sababu chokaa hufanya utomvu usiwe mahali pazuri kwa hamira kuishi. Njia ya kisiwani ndiyo inayofaa kuigwa na mtu anayetaka kujaribu nyumbani Kilolo au Ludewa, kwani chokaa hutaka kipimo na kuondolewa vizuri baadaye.

Jambo la kwanza, basi, ni kuiacha mbeta ya kawaida. Kwa shira kinahitajika chombo kinachoweza kuchemshwa, cha chuma kisichoshika kutu au cha kioo, kilichotoka kwenye maji yanayotokota na kufungwa jioni baada ya kuchonga upya. Utomvu utekwe kungali giza, uchujwe kwa kitambaa safi na ubandikwe jikoni papo hapo, kwani kila saa ya kungoja ni sukari inayoliwa. Ulanzi uliokwisha kuchacha hauokoleki kwa moto: kilevi kitaruka na mvuke, sukari iliyokwisha kugeuzwa kilevi haitarudi, na uchachu ambao ulikuwa mdogo katika lita 10 utabaki wote katika lita 1. Atakayeupika mkangafu atapata kitu cheusi, kichungu kidogo na kikali kama siki.

Kiasi cha kutarajia kinaweza kukadiriwa bila maabara. Inajulikana kwamba karibu gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kilevi. Kwa hiyo ulanzi uliofikia asilimia 5 ulitokana na utomvu uliokuwa na gramu 85 hivi za sukari kwa lita, yaani zaidi ya asilimia 8. Utomvu wa mepo huwa na asilimia 2 tu. Wapikaji wa huko wana kanuni ya haraka: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari, na jibu ni kiasi cha utomvu kinachotoa kipimo kimoja cha shira. Mepo wa asilimia 2 hudai lita 43 kwa lita moja, ambapo utomvu wa asilimia 8 ungedai lita 11 hivi. Katika hesabu hii mwanzi una nafasi nzuri zaidi, ingawa mvua ikiingia ndani ya chombo hesabu yote huvurugika.

Wakati wa kupika, povu jeupe hupanda na huenguliwa kwa upawa. Likitishia kumwagika, tone moja la mafuta ya alizeti hulituliza. Mwanzo moto uwe mkali. Mwishoni, sauti ya mchemko hubadilika, vipovu vikubwa vya maji hupotea na kuachia vidogo vinene vinavyong'aa, na matone ya ukingoni mwa upawa huacha kudondoka moja moja, hukutana na kuanguka kwa pamoja kama utando. Dakika chache tu baada ya hapo shira huungua.

Mwenye kipimajoto asikubali kufuata namba za vitabu vya ng'ambo. Shira huwa tayari inapochemka kwa karibu nyuzi 4 juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji, na vitabu vingi huandika 104 kwa sababu katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Iringa mjini, mita 1,600 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwa karibu nyuzi 95. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni karibu 91. Mpishi wa Iringa akingoja 104 ataishia na pipi iliyogandia sufuriani. Na achemshe kwanza maji matupu, asome kipimo, kisha ajumlishe 4.

Kuhusu kuni, mtu asijidanganye. Kuondoa lita 10 za maji kwa mvuke juu ya mafiga matatu, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni, hula kilo 10 hadi 15 za kuni kavu kwa makadirio ya kawaida, na jiko banifu huweza kupunguza kiasi hicho sana. Ukiongeza usingizi unaokatizwa alfajiri, unaona kwa nini mwenye mianzi huona heri ajaze dumu, alipeleke kilabuni na kurudi na fedha kabla ya chakula cha mchana. Shira ya mwanzi inaweza kulipa tu kwa mtu mwenye mnunuzi anayejua anachonunua, kama vile hoteli za watalii waendao Ruaha, au kwa familia inayotaka kitu cha kupaka kwenye mkate bila kufikiria faida.

Ikisha kuiva hadi sukari ikafika asilimia 66 au 67, shira hutiwa ingali ya moto katika chupa zilizochemshwa na kufungwa kabisa. Kwa uzito huo hamira hukosa maji ya kuishi. Ikiwa nyepesi kuliko hapo itaota ukungu au itaanza kutoa gesi na kusukuma kifuniko. Ikiwa nzito kupita kiasi, chembe za sukari zitajijenga chini ya chupa, kosa ambalo hurekebishwa kwa maji kidogo na moto wa polepole. Chupa ikishafunguliwa ihifadhiwe mahali pa baridi. Chipukizi lililogemwa, kwa upande wake, haliwi tena shina la kujengea wala la kulisha wengine, kwa hiyo wenye mianzi hupaswa kuacha kila msimu machipukizi kadhaa yasiyoguswa katika kila kichaka, la sivyo miaka ijayo hakutakuwa na mashina ya kutosha ya kuweka akiba ya wanga.